Jengo Lisimame Timazi: Majibu kwa Wapiga Picha za Majengo

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wanne wanaopiga picha za majengo hapa Dar es Salaam. Swali la kwanza tumelijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linaloulizwa mara nyingi kuliko yote.

Shikamooni wahariri. Kampuni moja ya ujenzi imenipa kazi ya kupiga picha za maghorofa yao. Kila nikipiga, jengo linaonekana limelalia nyuma, chini pana, juu jembamba. Nimeambiwa ninunue lenzi ya shifti, ile ambayo kioo chake hupanda bila kuinua kamera, lakini bei yake siiwezi. Nifanyeje? – Msomaji, Sinza

Marahaba. Jengo linalala kwa sababu unainua pua ya kamera. Ukiiinua tu, nguzo zilizojengwa sambamba zinaanza kukaribiana kuelekea angani, na lenzi ya bei yoyote itafanya hivyo hivyo. Ukitaka nguzo zisimame timazi, kamera nayo isimame timazi. Iweke kwenye stendi ya miguu mitatu, washa pima maji iliyo ndani ya kamera, kisha isawazishe mbele na nyuma, kushoto na kulia. Usiamini jicho, maana barabara nyingi za mjini zina mteremko kidogo na mteremko huo unadanganya.

Ukishasawazisha utakutana na tatizo la pili: nusu ya picha ni lami na bodaboda, na kilele cha jengo kimekatwa. Hapo fanya hesabu kabla hujatoka nyumbani. Kwa kamera yenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24 na lenzi ya milimita 24, kamera ikiwa imelazwa ili picha iwe pana, utaona juu ya usawa wa lenzi kimo kilicho nusu ya umbali wako hadi kwenye jengo. Ukiisimamisha kamera ili picha iwe ndefu, utaona robo tatu ya umbali huo. Chukua jengo la mita 27, yaani kama ghorofa nane. Lenzi iko mita 1.5 kutoka ardhini, kwa hiyo zimebaki mita 25.5 za kuona, na itakubidi urudi nyuma mita 34. Kwenye mitaa ya Kariakoo, mita 34 nyuma ni ndani ya duka la mtu.

Dawa tunayoipenda zaidi ni kupanda. Omba ruhusa kwenye jengo la ng'ambo, ghorofa ya tatu au ya nne. Lenzi ikiwa usawa wa katikati ya jengo, zile mita 34 zinashuka hadi 18, na lami inapungua yenyewe. Kuna majengo ambayo bila kupanda huyaelewi kabisa. Miavuli ya zege ya paa la Soko la Kariakoo, kazi ya mbunifu majengo Beda Amuli ya miaka ya 1970, ukiwa chini barabarani unaiona vipande vipande. Ukiwa juu ndipo unaona jinsi mwavuli mmoja unavyokaa na mwenzake.

Kama huna pa kupanda, tumia lenzi pana zaidi, mathalani ya milimita 16. Simamisha kamera, isawazishe, rudi nyuma mita 23 badala ya 34, kisha kata lami yote wakati wa kuhariri. Utapoteza karibu nusu ya faili, kwa hiyo anza na kamera ya megapikseli 24 au zaidi. Lenzi ya shifti inafanya kazi hiyo hiyo bila kupoteza kitu: kioo chake kinapanda huku kamera ikibaki wima. Ile ya milimita 24 inayopanda milimita 12 ingekusogeza hadi mita 20 na kitu. Ikodi kwa siku unapopata kazi kubwa, na gharama yake iingie kwenye ankara ya mteja.

Kunyoosha kwa programu tunakushauri iwe kwa makosa madogo tu. Programu inaivuta sehemu ya juu ya picha kama mtu anayevuta shuka. Madirisha ya ghorofa ya mwisho yanafifia na jengo linarefuka kuliko lilivyojengwa. Ukijua utanyoosha baadaye, acha nafasi ya kutosha pande zote mbili, la sivyo kona za jengo zitaliwa.

Mbunifu majengo aliyenipa kazi Mikocheni anataka uso wa nyumba, unaotazama kusini, uwe na jua. Nimekwenda Juni na Julai mara nne nikakuta kivuli tupu. Nakosea saa gani? – Dada wa Mwenge

Dada, saa hukukosea, umekosea mwezi. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Juni jua linachomoza kaskazini ya mashariki, mchana linapita upande wa kaskazini, jioni linazama kaskazini ya magharibi. Ukuta wa kusini haulioni kabisa. Mwishoni mwa Septemba linaanza kuuchungulia asubuhi na jioni, na kuanzia wiki ya pili ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linaupata hata mchana.

Hata hivyo, usiende mchana. Desemba, mnamo saa 6 na dakika 20, jua liko nyuzi 73 juu, na slebu iliyotokeza sentimita 60 inatupa kivuli cha mita 2 ukutani. Nenda saa 1 na nusu asubuhi. Jua litakuwa chini, likija kwa ubavu. Hapa kwetu ukuta wa kusini hautazamani na jua uso kwa uso siku yoyote ya mwaka, kwa hiyo mwanga wake ni wa kupita ubavuni daima. Mwanga huo unapendeza kwenye mawe na matofali ya matundu, lakini kwenye plasta unasema kila kitu: mahali mwiko ulipoinuka, panabaki kivuli chembamba kama ukucha. Mwonyeshe mbunifu picha moja ya majaribio kabla hamjapanga siku.

Kama kazi haiwezi kungoja Oktoba, piga jioni. Juni jua linazama kama saa 12 na robo. Anza dakika 10 baadaye. Una kama robo saa ya anga la buluu, kisha giza. Weka ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100 na tundu la lenzi f/8, anza kwa kuacha shata wazi sekunde 2 na uendelee kuongeza, picha moja kila dakika bila kugusa stendi. Taa zote ziwake tangu saa 11, na uzikague mwenyewe chumba kwa chumba, kwa sababu balbu moja iliyoungua itaonekana kama pengo la jino.

Nikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi lenzi inajaa ukungu. Niifute? – Msomaji, Kigamboni

Usiifute, kitambaa kitaburuza chumvi ya upepo wa bahari juu ya kioo. Zima kiyoyozi dakika 15 kabla ya kufika na uache begi limefungwa nusu saa. Usibadilishe lenzi wakati huo, maana ukungu utaingia hadi kwenye sensa. Nyumbani tunza lenzi kwenye boksi lisilopitisha hewa, lenye silika jeli (punje za kunyonya unyevu) na kipima unyevu, kisome asilimia 40 hadi 50. Ukikaa juu ya 60 wiki nyingi, kuvu itaota ndani ya lenzi, na kuitoa ni kazi ya fundi.

Nilimpigia mbunifu majengo picha 12. Sasa mkandarasi na muuza aluminiamu wanazitangazia biashara zao. Nidai? – Kaka wa Tabata

Angalia kwanza mlichoandikiana. Kama kilikuwa ni bei tu, waandikie barua ya kistaarabu yenye ankara, mmoja mmoja, si kwenye kundi la WhatsApp. Wakikataa, nenda Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA.

Safari ijayo andika nani atatumia picha, wapi na kwa muda gani, na uwaite wote watatu kabla ya kupiga. Kama bei ya mtu mmoja ni Sh 1,200,000, ongeza asilimia 40 kwa kila anayejiunga: jumla Sh 2,160,000, kila mmoja analipa Sh 720,000. Wao wanapunguziwa, wewe unapata zaidi. Wakitaka na picha za droni, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kipatikane kabla ya kutaja tarehe. Kila faili ukabidhi likiwa na jina la mbunifu, la mkandarasi na lako ndani ya maelezo yake.