Nani kasimama upande wa kina?

Wiki hii mmeuliza: mtoto afundishwe kuogelea kwa michezo, au apelekwe kwa mwalimu afundwe hatua kwa hatua? Mimi ni mama, naishi Uyole, Mbeya, na swali hili limenigusa. Wengi wetu huku hatuna bwawa wala mwalimu. Tuna mashimo ya tofali yanayojaa maji kila mvua zikinyesha, tuna mto Kiwira wenye mawe na mkondo, na wenzetu wa Iringa wana mto Ruaha Mdogo hapo hapo mjini. Nilipolisoma nilitaka kujibu kwa mstari mmoja tu: maji hayachezewi.

Lakini mtoto wa Mbeya anakua akiambiwa "usisogelee maji", na siku akiteleza, katazo hilo halimsaidii kitu. Mimi kuogelea nilifundishwa na mjomba wangu huko Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, likizo za Desemba tulipokuwa tukishuka Kyela kwa bibi.

Mjomba alikuwa mvuvi. Alitupeleka asubuhi kabla upepo haujaanza, mbali kabisa na mlango wa mto Lufilyo kwa sababu ya mamba, na hata huko aliwauliza kwanza wavuvi wenzake kama wameona chochote. Kisha aliingia yeye, maji yakamfika kiunoni, akageuka kututazama. Sisi tulicheza kati yake na mchanga. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa chungu: unachutama, unazamisha mdomo na pua, unapuliza mpaka chungu kichemke. Ukimeza maji, chungu kimemwagika, unaanza upya. Tulipuliza mpaka vidole vikakunjamana, na hakuna aliyetambua kwamba tunafundishwa kutoa pumzi majini. Ikafuata kokoto nyeupe, akizitupa maji ya magotini, baadaye ya mapajani, tuziokote macho yakiwa wazi.

Kulala chali ndiko kulikonishinda. Nilikuwa nakunja kiuno, makalio yananivuta chini. Akaniwekea kiganja mgongoni, akaniambia niingize masikio majini, nijaze kifua hewa, nimwonyeshe maporomoko kwenye Milima ya Livingstone, ile mistari myeupe inayotokea mvua zikishika. Nikawa nataja: moja lile, jingine lile kulia. "Mjomba, usiniachie!" Akainua mikono yote miwili nikaiona. "Nilishakuachia tangu poromoko la pili."

Siku moja binamu yangu akapiga kelele, "Nakufa maji!", kisha akacheka. Mjomba hakucheka. Alitutoa wote, akatukalisha mchangani, na siku hiyo hakuna aliyerudi majini. Alisema kila mchezo unaruhusiwa isipokuwa huo. Na alituambia jambo ambalo wazazi wengi hawalijui hadi leo: mtoto anayezama kweli kwa kawaida hapigi kelele, maana mdomo uko majini na pumzi hana. Ukikaa ufukweni na simu ukisubiri akuite, hatakuita.

Kwa hiyo nikiri kwamba mstari wangu ule mmoja hausimami. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto chini ya miaka mitano, na lenyewe linahimiza watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea. Mwenye uwezo wa kumpata mwalimu ampate. Kwa sisi wengine, mchezo unafundisha vizuri, kwa sababu mtoto mwenye hofu anakaza mwili, na mwili uliokazwa hauelei vizuri.

Ila nasema mchezo wa ziwani, kwenye kina kifupi unachokiona chini, mtu mzima akiwa ndani ya maji upande wa kina, na watoto wachache anaoweza kuwafikia kwa mkono. Sisemi shimo la tofali, ambalo kingo zake zinateleza na chini hakuonekani. Sisemi Kiwira, ambako ukitumbukia baridi inakukata pumzi na mkondo umeshakuchukua. Na kama mtu mzima mwenyewe hajui kuogelea, basi chungu kichemshwe kwenye beseni nyumbani, naye asiondoke hapo mpaka maji yamwagwe.