Mtoto ana homa kali, dripu haijatundikwa: je, ni uzembe?

Dada uliyeleta mada, pole sana kwa usiku ule. Unasema mtoto wa dada yako, miaka mitatu, alifika emajensi anaungua homa na amelegea. Nesi akamtoboa kidole, akamwekea oksijeni, akamchoma sindano ya malaria, ila dripu ya maji hakutundika. Mimi ni nesi wa dharura hapa Dar, hospitali tofauti na mliyokwenda, mwaka wa kumi na saba sasa. Kwa ulivyosimulia, sioni uzembe.

Zamani ningekuunga mkono. Tulifundishwa kwamba mtoto akiwa na mikono ya baridi na mapigo yanakimbia, fungulia maji. Mwaka 2009 nilimpokea binti mdogo kutoka Mbagala, viganja vyeupe kwa kuishiwa damu. Tukatundika chupa, nikawa naiminya kwa mkono ili iende upesi. Haikupita saa akaanza kuhema kwa mabega, pua zinatanuka, na nikiweka kipimo kifuani nasikia kama maji yanatokota. Alifariki alfajiri, damu haijafika. Siwezi kuapa kwamba maji ndiyo yalimuua, maana aliletwa hali mbaya sana. Ila sauti ya kile kifua ninayo hadi leo.

Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti wa FEAST, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania (kwetu ulifanyika Teule, Muheza). Wote walikuwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, na wote walitibiwa ugonjwa wenyewe. Waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi ya 10 katika kila 100 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, 7 hivi. Nilisoma nikakaa kimya muda mrefu. Mwaka 2017 utafiti wa Lusaka ukaonyesha jambo kama hilo kwa watu wazima wenye sepsisi (maambukizi yaliyozidi hadi viungo vya mwili vinaanza kushindwa kazi), wengi wao wakiishi na VVU.

Tafadhali msichanganye: mtoto anayeharisha na macho yameingia ndani anahitaji maji, tena upesi. Hao hawakuwemo kwenye FEAST.

Kinachoniumiza zaidi ni oksijeni. Utafiti uliochapishwa 2025, wa hospitali za nchi 22 za Afrika, ulikuta kati ya wagonjwa ambao oksijeni yao imeshuka, waliokuwa wakipewa hawafiki nusu. Na wengi wa mahututi wako wodi za kawaida, si ICU (chumba cha wagonjwa mahututi)! Kwa hiyo ukiwa kando ya kitanda, uliza kile kibanio cha kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu kwa asilimia, kinasoma ngapi, na kitarudiwa saa ngapi. Kikisoma chini ya 90 na mtoto hana mpira wa oksijeni puani, hapo paza sauti, nami nitakuwa upande wako.

Walimpima wingi wa damu? Na leo anakula? Tuandikie hapa.