Shemeji, Kugawa Karata Si Kazi ya Kukaa

Shemeji ameniuliza, na wengine mkamuunga mkono: kama yule anayegawa karata kwenye meza ya poka analipwa kwa kukaa tu, kwa nini na mimi nisihamie huko nikaacha kubeba chipu, vile vidude vya duara vinavyotumika badala ya fedha? Nawajibu bila kuficha. Kazi yangu hapa kasino ni kupeleka chipu mezani, kwa hiyo watu hawa nawaona kila zamu.

Kwanza mjue kwamba mgawaji hachezi kamari. Hana dau, hashindi wala hapotezi. Kwenye poka wachezaji wanashindana wao kwa wao, na kasino inakata sehemu ndogo tu ya fedha zilizowekwa katikati au inatoza muda wa kukaa. Yeye yupo pale ili kila mtu apate haki yake.

Karata zote 52 anazitandaza kifudifudi na kuzivuruga, anazichanga, anazikata, kisha anazigawa zikiwa chini kabisa, hata jirani asione sura. Kabla ya kufunua za katikati, zile zinazotumiwa na wachezaji wote, ile ya juu anaiweka kando bila kuionyesha, ili kama kuna mtu aliyeitia alama isimfae kitu.

Ninachokistahi zaidi lakini ni hesabu. Chukueni wachezaji wanne: mmoja amebakiwa na 100 akaweka zote, wa pili kaweka zote 250, na wawili waliobaki 600 kila mmoja. Yule wa kwanza hawezi kudai zaidi ya 100 kutoka kwa kila mwenzake, kwa hiyo fungu kuu ni 400. Linafuata fungu la 450, wanaloligombea watatu, halafu la 700 la wale wawili peke yao. Mgawaji anayatenga yote kwa muda mfupi sana, kwa kichwa, huku mmoja anagonga meza na mwingine anauliza zamu ya nani. Akikosea, mtu ataondoka na fedha za mwenzake.

Kisha kuna lawama. Mchezaji akiangushwa na karata ya mwisho, hasira zote anammwagia aliyeifunua, kana kwamba ndiye aliyeichagua. Nimemwona dada mmoja akirushiwa karata kifuani. Aliziokota, akamwita msimamizi kwa sauti ileile aliyokuwa nayo tangu mwanzo, na mchezo ukaendelea. Mimi nisingeweza.

Mgawaji anakaa meza moja kama nusu saa, anaonyesha viganja vyake vitupu kwa kamera, anahamia nyingine. Mgongo na viganja vinauma. Usiku na sikukuu ndipo kazi inapopamba moto. Na hapa Marekani wengi wao mshahara ni mdogo, wanategemea bakshishi.

Kwa hiyo shemeji, sijahamia kwa sababu mikono na akili yangu havijafika kiwango hicho. Najifunza baada ya kazi, na nikiweza nitaomba nafasi kwa heshima zote.

Na wewe uliyesema ukija utakaa mezani, tamka dau lako kabla ya kusogeza chipu. Usizirushe katikati, maana zikichanganyika na za wengine mgawaji hawezi kujua umeweka ngapi. Ukishinda, msukumie chipu moja, na ukishindwa usimtazame vibaya.