Walioniita Kobe niliwakuta Mweka

Juzi msomaji mmoja wa Mbeya kaniandikia: "Kaka, nakimbia kila siku hadi kutapika, mwaka wa pili huu muda wangu wa nusu marathoni uko palepale. Nifanyeje?" Dada, umenigusa penyewe.

Klabu yangu ya zamani ya jogingi hapa Arusha walinipachika jina la Kobe. Kisa? Siku za mbio za pole nilikuwa nabaki nyuma kwa makusudi, napiga stori na yeyote aliye tayari, wenzangu wakikimbizana kutoka Sakina hadi Ngaramtoni kana kwamba kuna medali stendi. Mwalimu alinisema mbele ya watu kwamba nawavunja moyo wengine. Nikajitoa. Mpaka leo tukikutana barabarani hanisalimii.

Sasa waulize kilichotokea Kilimanjaro Marathon ya mwaka huu, kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka. Niliwakuta walewale, mmoja mmoja, mikono kiunoni. Nikawasalimia kwa majina yao. (Ndiyo, nilidhamiria.)

Siku zangu ngumu ni mbili tu kwa wiki: Jumanne dakika moja kasi, dakika moja pole, mpaka miguu ikatae, Jumamosi mbio ndefu. Zilizobaki ni pole, na pole iwe pole kweli: uweze kusimulia harusi nzima, kuanzia sendofu hadi keki, bila kuhema. Wakenya wa Iten wanaokimbia marathoni kwa takriban dakika 3 kwa kilomita, asubuhi ya mazoezi mepesi huanza taratibu hata mimi na wewe tungewafuata.

Mwaka nao upangwe. Baada ya Kilimanjaro Marathon kule Moshi sigusi viatu kwa muda. Masika natembeza miguu tu kwenye tope. Kiangazi vilima. Kasi yenyewe naiamsha Novemba. Mkimbiaji wetu wa marathoni, Alphonce Simbu, mwaka 2025 alikuwa wa pili Boston Marathon mwezi Aprili, kisha Septemba akatwaa dhahabu ya dunia Tokyo. Katikati hapo kuna miezi mitano! Wewe una mbio kila wikendi, medali za kushiriki zimejaa ukutani, halafu unashangaa goti linauma.

Ndugu zangu, tuache kuabudu mateso. Mwili hujijenga ukiwa umelala, si ukiwa unatapika. Pole, pole, pole. Nitalisema hadi mnichoke.

Dada wa Mbeya, wiki hii usikimbie kasi hata siku moja. Kilima kikikuzidi, tembea. Jumapili niandikie miguu inasemaje.