Safari ya Disemba na watoto: niliandaa somo kwenye makaratasi, somo lenyewe likanikuta Mombo

Dada umeuliza kwamba mwezi wa kumi na mbili mnasafiri familia nzima kwenda kijijini na ungependa watoto wapate kitu cha kiroho njiani, sio kushinda kwenye simu mpaka chaji iishe. Wameshakujibu wengi, mara washa kwaya mwanzo mwisho, mara andaa maswali ya Biblia na zawadi. Mimi ntakusimulia yaliyonikuta mwenyewe maana hayo yote nilishayafanya, na mengine nimefeli vizuri tu.

Sisi ni watu wa Kilimanjaro tunaishi Dar, na si unajua tena Mchaga na Disemba, hata mfuko ukiwa umetoboka lazima apande. Tuna watoto watatu. Mwaka wa kwanza nilipoamua safari iwe ya kiroho niliandaa makaratasi, mstari wa Biblia kwa kila mji tunaopita, Chalinze huu, Segera huu, Korogwe huu, nikaprinti kabisa stationary karatasi za rangi (mimi ni mzee wa kanisa usharikani, tunapenda ratiba). Tumetoka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, kufika Chalinze kitindamimba katapika. Mfuko wa rambo uko kwenye begi chini ya basi. Unadhani tulifutia nini? Yale makaratasi. Yote. Mama watoto ananiangalia tu anajizuia kucheka, na ndo ukawa mwisho wa somo lililoandaliwa.

Nasema hivi kwasababu watu wanapenda ule mstari wa Kumbukumbu la Torati 6:7, uwafundishe watoto wako kwa bidii na kuyanena uketipo katika nyumba yako na utembeapo njiani, afu wanauelewa kama mzazi ageuke mwinjilisti wa kwenye basi. Angalia vizuri, pale imeandikwa kuyanena, yani maongezi ya kawaida mnavyoenda. Mtoto akiona unamvizia kwenye kila mti na kila ng'ombe umtolee mahubiri anachoka, ukubwani atakuwa anakukimbia hata ukitaka kumwambia jambo la maana.

Sasa ngoja nikwambie ya Korogwe.

Mwaka uliofuata tulichelewa kukata tiketi, Disemba ilivyo tukapata viti vimetawanyika, mimi na mkubwa mbele siti ya nne, mama na kitindamimba kule nyuma kabisa, wa kati ambaye alikuwa na miaka nane akawa anahamahama, mara kwangu mara kwa mama yake. Korogwe konda akatangaza dakika kumi wapendwa, watu wakashuka kula na kuchimba dawa. Tukarudi, basi likaondoka. Mimi najua yuko nyuma kwa mama yake, mama yake anajua yuko mbele kwangu. Kama dakika ishirini hivi nikainuka na mfuko wa chipsi nimpelekee, nafika nyuma mama ananiuliza, "wa kwetu amelala?" Nikamwambia si yuko na wewe? Dada, sijawahi kuhisi miguu inaisha nguvu vile. Ile sauti aliyotoa mke wangu basi zima liligeuka.

Konda alikuwa mwelewa, akapiga simu kule walikotushushia. Mtoto yupo, amekaa na mama mmoja muuza machungwa. Ikapangwa basi la nyuma yetu, la kampuni nyingine kabisa, limchukue na sisi tusubiri Mombo. Na hapo ndo kelele zikaanza. Wengine wana misiba, wengine wanawahi magari ya Rombo, mmoja akasema kwa sauti "watu wanazaa halafu hawaangalii". Wa karibu yetu walikuwa wanajuana na sisi kanisani, siwasemi vibaya, ila walikaa kimya wakaangalia dirishani.

Aliyesimama alikuwa mzee mmoja wa kanzu na kofia. Yeye safari yake ilikuwa inaishia pale pale Mombo, anapanda gari za Lushoto, na wapiga debe walishamshika mkono Lushoto Lushoto mzee twende gari inajaa. Akakataa. Akawaambia abiria, "jamani huyu ni mtoto wetu, mkitaka kuondoka ondokeni na hasira zenu ila mzazi mwenzangu simwachi hapa." Akakaa na mimi kwenye jiwe nje ya basi, begi lake katikati ya miguu, anaongea mambo ya bei ya viazi kule milimani ili nisiwaze. Gari la Lushoto la kwanza likaondoka, la pili likaondoka. Zaidi ya nusu saa. Basi la nyuma lilipofika na mtoto akashuka, mzee akamshika kichwa, akasema "haya, Alhamdulillahi", akabeba begi lake akaenda zake. Hata jina sikumuuliza.

Ule mfano wa Msamaria mwema nimeufundisha Sunday school sijui mara ngapi, kwa picha za kupaka rangi. Wanangu wenyewe ukiwauliza leo jirani yako ni nani, hawakutajii Msamaria, wanakwambia "yule babu wa Lushoto". Na mkubwa aliniuliza siku ile ile swali ambalo mpaka leo sijalimaliza, kwamba mbona wale wa kanisani kwetu hawakusema kitu? Nilimjibu kwamba hata kwenye Luka 10 waliopita kando walikuwa kuhani na Mlawi, watu wa hekaluni. Akanyamaza, nami nikanyamaza, maana nilijiuliza ingekuwa mtoto wa mwingine na mimi ndo ninawahi, ningeshuka kukaa kwenye jiwe?

Turudi kwa dogo. Ameshuka ana chungwa limemenywa nusu mkononi, shati kavu, hajalia hata kidogo. Mama yake kamkumbatia analia, mbona hukutufuata? Anajibu, "mimi sikupotea, mimi nilikaa pale pale basi lilipokuwa, nyie ndo mliondoka." Basi lote likacheka, hata yule wa "watu wanazaa".

Mimi sikucheka sana maana nilikuwa nimeshaharibu. Pale nilipogundua mtoto hayupo nilimfokea mke wangu mbele za watu, maneno siyaandiki hapa. Kutoka Mombo mpaka Same hatukusemeshana. Hedaru hiyo, Makanya hiyo, kila mtu anaangalia upande wake.

Usiku tumefika kwa bibi, tumeoga, tumekula, bibi ana utaratibu wake lazima ibada kabla ya kulala. Mke wangu akasema leo tusome Luka 2 kuanzia 41. Nilijua tu kimeumana. Kama hujaisoma karibuni, ni kwamba wazazi wa Yesu walikuwa wanaenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, kama sisi tunavyopanda kila Disemba. Yesu ana miaka kumi na miwili, wanarudi, wakadhani yumo kwenye msafara, wakatembea mwendo wa siku nzima ndo wanaanza kumtafuta kwa ndugu na jamaa. Kumwona mpaka baada ya siku tatu! Yani Yusufu na Mariamu, wazazi waliochaguliwa na Mungu mwenyewe, nao walisahau mtoto. Hiyo stori nimeisikia tangu mdogo lakini siku ile ndo niliona ni mambo ya mabasi kabisa, huyu anajua yuko kwa huyu, yule anajua yuko kwa yule.

Tumefika pale Mariamu anasema "baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta kwa huzuni", mkubwa wangu akauliza, "kwa hiyo Yusufu alimfokea Mariamu?" Nikasema hapana, haijaandikwa. Akasema, "wewe ulimfokea mama."

Kimya. Bibi anavyoniangalia juu ya miwani unamjua mama mkwe au humjui? Ndiyo, huyu bibi ni mama mkwe. Nikamwomba mke wangu msamaha pale pale sebuleni, watoto wanaona, mama yake anaona, taa ya sola inafifia. Nakwambia ukweli dada, katika miaka yangu yote ya uzee wa kanisa hiyo ndo ibada ya nyumbani iliyowahi kuwaingia wanangu, na mhubiri alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja.

Na lile la "nyie ndo mliondoka" mke wangu kaligeuza silaha mpaka leo. Nikikaa wiki mbili sijasali, nalalamika Mungu yuko mbali, ananijibu hivyo hivyo kwa sauti ya mtoto.

Mengine ni madogo madogo. Tukifika Wami huwa nawasimulia daraja la zamani, lile la mwaka 1959, jembamba gari zinapita moja moja, mteremko mkali huku na huku, malori yanalala, abiria mnashika roho mkononi. La sasa la mita mia tano na ushee limeanza kutumika 2022 na wao wanalipita wamelala hawajui kitu. Yoshua 4 Waisraeli waliambiwa wasimamishe mawe kumi na mawili ya kutoka Yordani ili watoto wakiuliza haya mawe ni ya nini wasimuliwe. Mimi mawe sina, nina Wami. Nawaambia hapa babu yenu alivuka akiwa na sanduku la mbao na shilingi za kuhesabu, na Mungu akamvusha. Dakika mbili tu, yanaisha, wanaendelea na gemu zao.

Mwaka mmoja tukaenda na kagari ketu IST. Mnajua barabara ile ilivyo na vibao vya mwendo wa hamsini na trafiki na tochi zao za kupimia mwendo. Mtoto akaona magari yanayokuja yanatuwashia taa nikapunguza mwendo, akauliza kwanini, nikamwelezea wanatushtua kuna tochi mbele. "Kwa hiyo tukishapita unakimbia tena?" Nikabaki nacheka cheka. Kuna ule mstari wa Waefeso 6 kuhusu kutii si kwa utumwa wa macho, nilikuwa naujua kichwani kabisa, na mguu uko kwenye mafuta. Mbele ya Mkata hakuna aliyeniwashia taa, nikaandikiwa elfu thelathini yangu. Usiku wakati wa kusali kitindamimba akaomba, "Mungu msaidie baba asikimbie kwenye hamsini hata kama polisi hayupo." Nikasema amina, ningesema nini.

Na hili la mwendo naomba niliseme kwa ukali kidogo. Kuna watu tunaanza safari kwa maombi marefu tunafunika basi kwa damu ya Yesu, afu dereva akikimbia tunamshangilia, mkanda hatufungi, anayelalamika tunamwambia ashuke. Shetani alimwambia Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa mstari wa Zaburi kabisa, na Yesu akamjibu usimjaribu Bwana Mungu wako. Watoto wangu wanajua tunasali na tunafunga mkanda, na baba akiona dereva anazidisha anainuka kusema hata kama basi zima litanizomea.

Nimalizie na la usiku. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023 tumewahi kurudi Dar na basi la usiku. Kitindamimba aligoma kulala, macho kwa dereva. Namuuliza vipi, anasema nikilala na dereva akalala nani ataendesha? Nikamwambia madereva wako wawili wanapokezana. Haikumtosha. Mama yake akamvuta, akaanza taratibu kumsomea kwa kichwa Zaburi ya 121, "asisinzie akulindaye, naam, hatasinzia wala hatalala usingizi". Hiyo zaburi ni moja ya zile kumi na tano, 120 mpaka 134, nyimbo za kupanda, watu wa kale wakiimba wakipanda Yerusalemu kwenye sikukuu, yani ilikuwa ya wasafiri tangu zamani. Mtoto kasikiliza, kauliza, "hata kusinzia kidogo?" Hata kidogo. Kalala kabla ya Same. Mimi ndo nikabaki macho mpaka Segera namwangalia dereva, imani ya mtoto na ya baba hazilingani.

Kwahiyo dada usiandae sana. Soma wewe mwenyewe hizo sura kabla, zikae kichwani, basi, Luka 2, Luka 10, Zaburi 121. Likitokea jambo litajiita lenyewe, lisipotokea kuleni mayai yenu ya kuchemsha mfurahi, nayo ni baraka.

Tiketi kata mapema viti viwe pamoja. Kama mnapita njia hii yetu chukua upande wa kulia, milima yote ya Usambara na Upare iko huko na jua la mchana linapiga kushoto. Na mkishuka Korogwe, kabla basi halijaondoka hesabu watoto kwa kuwagusa kichwa mmoja mmoja, usihesabu kwa macho wala usiulize "wote wapo?" maana mtu atakujibu wapo.