Uraia wa Ayalandi kupitia mama aliyezaliwa ng'ambo: nani anaupata na nani anaukosa

SWALI: Mhariri, babu yangu mzaa mama alizaliwa Cork, Ayalandi, mwaka 1925. Mama alizaliwa nje ya nchi hiyo mwaka 1958, hakuwahi kuishi huko wala kuwa na pasipoti yake, na sasa ni marehemu. Mimi nilizaliwa mwaka 1990, pia nje ya Ayalandi. Nina binti wa miaka 4, na mke wangu, ambaye hana asili ya huko, ni mjamzito wa miezi 4. Je, naweza kudai uraia kupitia mama ambaye mwenyewe alizaliwa ugenini, na wanangu nao wataupata? Jamaa mmoja ananiambia kwamba kwa kuwa mama hakuchukua pasipoti, haki hiyo ilikufa naye. – Msomaji, jina limehifadhiwa.

JIBU: Ndugu msomaji, jamaa yako amekosea. Chini ya Sheria ya Uraia ya Ayalandi ya mwaka 1956 na marekebisho yake, mtu aliyezaliwa nje ya kisiwa hicho huhesabiwa raia tangu kuzaliwa iwapo mmoja wa wazazi wake alikuwa raia aliyezaliwa kisiwani humo, na kisiwa hapa kinajumuisha pia Ayalandi ya Kaskazini. Babu yako alizaliwa Cork, hivyo mama yako alikuwa raia tangu siku ya kwanza, awe alilijua hilo au hakulijua. Hakuhitaji kuomba chochote, na kutokuwa kwake na pasipoti hakukumwondolea uraia. Kifo chake nacho hakikuzuii, ila kinakuongezea cheti kimoja cha kutafuta.

Kwako wewe mambo ni tofauti. Mzazi unayepitia kwake alizaliwa ng'ambo, na katika hali hiyo sheria haikufanyi raia moja kwa moja, bali inakupa haki ya kuandikishwa katika daftari la watoto wa raia waliozaliwa nje, linalosimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje mjini Dublin. Uraia wako utaanza siku jina lako litakapoingizwa humo. Zamani uraia wa aliyeandikishwa ulihesabiwa tangu kuzaliwa kwake, lakini marekebisho ya mwaka 1986 yaliliondoa jambo hilo, na ndiyo yanayowagusa wanao.

Binti yako alizaliwa wakati wewe hujaandikishwa, kwa hiyo siku ile hakuwa na mzazi aliye raia, na hata ukiandikishwa kesho asubuhi hawezi kurithi kwako. Najua si jibu ulilolitarajia, na sioni faida ya kulipaka asali. Njia anayobaki nayo ni tajinisi, yaani kupewa uraia na serikali kwa maombi, ambapo Waziri wa Sheria ana mamlaka ya kulegeza baadhi ya masharti kwa mwenye asili ya Ayalandi. Hata hivyo hiyo ni hiari ya waziri, si haki ya mwombaji, na kwa kawaida anayeishi nchini humo ndiye mwenye matumaini zaidi. Mtoto aliye tumboni yuko katika nafasi nyingine kabisa. Ukiandikishwa kabla hajazaliwa, atakuwa amezaliwa na mzazi raia, naye atakuwa na haki ya kuandikishwa. Ndiyo kusema kwamba ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutofautiana uraia kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa kwenye cheti cha kuandikishwa cha baba yao. Binafsi naiona sheria hii kuwa kali mno kwa watoto, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo usipoteze wiki hata moja. Maombi huchukua miezi kadhaa tangu nyaraka zifike Dublin, ila Wizara huweza kuharakisha ombi la mzazi anayetarajia mtoto. Eleza hali hiyo mapema, ukiwa na barua ya daktari yenye tarehe ya kujifungua inayokadiriwa.

Fomu hujazwa mtandaoni, kisha huchapishwa, husainiwa mbele ya shahidi na kutumwa pamoja na vyeti halisi. Shahidi awe mtu anayekufahamu, asiwe ndugu yako, na awe na mojawapo ya taaluma zilizoorodheshwa katika maelekezo ya fomu. Kazi kubwa iko kwenye vyeti, kwa sababu lazima vikuunganishe wewe na babu bila pengo: cheti chake cha kuzaliwa, cha ndoa na cha kifo, vyeti hivyo hivyo vitatu vya mama, kisha chako cha kuzaliwa, cha ndoa, kitambulisho, picha na uthibitisho wa anwani. Cheti cha kuzaliwa kiwe kile kirefu chenye majina ya wazazi, kwani kile kifupi chenye jina na tarehe tu hakimtaji mzazi na hivyo hakithibitishi nasaba. Cha babu hakitakusumbua sana, maana Ayalandi imekuwa ikiandikisha vizazi vyote tangu mwaka 1864, na nakala huagizwa kutoka ofisi kuu ya usajili ya huko.

Linganisha majina herufi kwa herufi kabla ya kutuma. Mtu aliyeandikwa O'Sullivan alipozaliwa huweza kuwa Sullivan kwenye cheti cha ndoa, na karani wa nchi nyingine akamwandika Sulivan kwenye cheti cha mwanawe. Penye tofauti ya namna hiyo, ambatanisha maelezo na hati ya kiapo, usingoje kuulizwa. Ada ya mtu mzima ni yuro 278, na hairudishwi ombi likikataliwa.

Kabla ya kutuma, soma pia sheria ya nchi unayoishikia uraia sasa. Ayalandi inaruhusu uraia pacha, lakini ruhusa ya nchi moja haiifungi nyingine. Raia wa Kenya wa kuzaliwa ana ruhusa hiyo tangu Katiba ya mwaka 2010, ilhali sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Wala usijitetee kwamba uraia huu umekujia wenyewe kwa damu: wa mama yako ulikuja hivyo, wako utakuwa umeuomba kwa fomu na sahihi.

Mtoto akishazaliwa, naye ataombewa kwa fomu yake mwenyewe na ada ya yuro 153. Akija kuzaa nje ya Ayalandi, watoto wake watafuata utaratibu huu huu, mradi yeye awe ameandikishwa kabla hawajazaliwa.