Mume yuko NGA St. Louis, nyumba iko Illinois: binti atalipa ada ya jimbo gani?

Dada, kwa maelezo yako (mumeo mwajiriwa wa NGA, idara ya ujasusi wa ramani na picha za satelaiti, pale St. Louis, Missouri, mnaishi ng'ambo ya mto Illinois, binti anataka Chuo Kikuu cha Missouri) anastahili ada ya mkazi wa Missouri, ile nafuu kuliko ya mtu wa jimbo jingine. Akighairi akaenda chuo cha umma cha Illinois, huko pia ni ada ya mkazi. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Elimu ya Juu ya Marekani kinaangalia makazi ya kudumu AU kituo cha kudumu cha kazi, na kimojawapo kinatosha. Kilianza na wanajeshi, wakaongezwa wanadiplomasia, kisha waajiriwa wa idara za ujasusi waliomo kazini zaidi ya siku 30, pamoja na mwenzi na watoto wanaowategemea.

Mwajiriwa, lakini. Mkandarasi haingii, hata kama meza yake imegusana na ya mumeo. Na FBI ni upande wake wa ujasusi tu, si kila anayefukuza wezi wa benki.

Balaa huanzia ofisi ya usajili. Mkijaza fomu ya kawaida ya ukazi, karani ataona anwani ya Illinois, leseni ya Illinois, kodi ya Illinois, na atawakatalia kihalali kabisa, kwa sababu fomu ile inapima makazi. Andikeni barua fupi inayotaja 20 U.S.C. 1015d (ndicho hicho kifungu cha 135, kwa namba ya mkusanyo wa sheria za shirikisho) na kusema wazi kwamba mnaomba kwa kigezo cha kituo cha kazi. Ambatisheni SF-50 (fomu rasmi ya ajira ya serikali ya shirikisho) ya karibuni: kisanduku cha 39 kinaonyesha mji na jimbo la kituo. Namba ya Social Security iko kisanduku cha 2, ifunikeni. Ongezeni cheti cha kuzaliwa na ukurasa wa kodi unaomtaja binti kama tegemezi. Kama ajira ya mumeo ni ya siri, asitume chochote kabla ya kuuliza utumishi wa idara yake wanatoa barua gani.

Pelekeni kabla muhula haujaanza. Kudai marejesho baadaye ni kazi.

Mumeo akihamishiwa makao makuu ya NGA, Springfield, Virginia, binti akiwa katikati ya masomo, ada haipandi mradi hajakatiza usajili. Muhula mmoja wa "kupumzika" unaweza kuwaponza.

Washington University hapo St. Louis msiihesabu, ni ya binafsi, na kifungu hiki ni cha vyuo vya umma.